Lita Tano za Tisini na Tano

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

DEREVA: Mimi shemeji yako! Niko sheli, nimemkaba mtu!

FUNDI: Umemfanya nini?

DEREVA: Huyu muuza mafuta! Injini imezima kilimani, gari likarudi kinyumenyume mpaka mtaroni. Mama kavunjika mkono!

FUNDI: Mama mkwe? Yuko—

DEREVA: Yuko kwenye benchi, analia. Na huyu atalia. Sema! Uliniwekea mafuta gani?

[kishindo, mtu anakohoa]

FUNDI: Shemeji, usimpige!

DEREVA: Meno yake mawili yako chini tayari. Si wewe uliyesema injini hii inataka petroli ya okteni tisini na tano, ukiweka ya chini inagonga?

FUNDI: Nilisema, ila—

DEREVA: Imegonga tangu aniwekee alfajiri, ka-ka-ka, kama kokoto kwenye sufuria! Kaniwekea tisini na moja!

FUNDI: Kaweka lita ngapi?

DEREVA: Tano.

FUNDI: Risiti inasemaje?

DEREVA: Tisini na tano. Uongo mtupu! Nyamaza wewe! Nina spana ya magurudumu, shemeji. Akikana tena namvunja wake, mkono kwa mkono.

FUNDI: Ngoja! Jana nili— [mtandao unakwaruza] —tangi—

DEREVA: Sikusikii!

FUNDI: Nilijaza mimi! Jana, nilipolijaribu gari lako. Tisini na tano ilikuwa imekwisha, nikaweka tisini na moja.

DEREVA: Wewe?

FUNDI: Nilidhani itapita tu. Uliponipigia asubuhi kwamba inagonga...

DEREVA: Ukaniambia endesha.

FUNDI: Niliona aibu.

DEREVA: Mama alikuwa ndani.

FUNDI: Najua.

DEREVA: Hujui. Hukuusikia ule mfupa.

FUNDI: Mwachie huyo mtu, nakuomba. Weka spika, niseme wote wasikie.

DEREVA: Keshaanguka. Wenzake wanakuja na vyuma— rudini nyuma! Rudini!

FUNDI: Tupa spana! Watakuua!

DEREVA: Nimetupa. Dada yangu yupo hapo?

FUNDI: Yupo.

DEREVA: Aje amchukue mama. Wewe usije. Nikikuona leo— aagh!

[simu inaanguka, makelele]

FUNDI: Shemeji? Shemeji!

MUUZA MAFUTA: Haloo... Mimi ndiye niliyepigwa.

FUNDI: Ndugu yangu, nisamehe. Kosa ni langu.

MUUZA MAFUTA: Nimesikia, alikuwa juu yangu. Nawaambia wenzangu wamwache, lakini mdomo umejaa damu, hawanielewi. Mama yake kajitupa juu yake.

FUNDI: Na mkono ule?

MUUZA MAFUTA: Na mkono ule. Njoo upesi, njoo useme mwen— [tuu, tuu, tuu]