Picha ya Tezi za Nerima

Treni ya Embakasi ilikuwa bado haijang'oa nanga mjini wakati Mulwa, karani aliyeketi mkabala na wanawake wawili, alipojua kwamba gazeti lake halitasomeka. Nerima alikuwa amemwonyesha wifi yake Nasambu picha nyeusi kutoka hospitali. "Jionee mwenyewe. Daktari alinipitishia shavuni ile mashine ya kuangalia mimba." Nasambu akaguna, "Shavuni? Kwani mtoto alipotea njia?"

"Hizo ni tezi za mate! Haya madoa ndiyo ugonjwa. Eti mwili unajipiga wenyewe, unakausha mdomo pamoja na macho." Nerima akanywa maji, maana bila kulowesha ulimi hakuweza kuendelea. "Ndiyo maana sikutoa chozi kwenye matanga ya mume wangu. Na nyinyi mkasema nilikuwa nimemchoka kaka yenu!"

Mulwa aliichungulia picha. Aliona kitu kama mkate ulioliwa na mende, lakini hakuna aliyemuuliza.

"Hiyo ni ya mate," Nasambu akasema treni ikisimama Makadara. "Ya machozi iko wapi?"

Nerima akainua chupa. Haikuwa na hata tone. Midomo ikacheza, sauti haikutoka, na Nasambu akateremka akiwa ameshapata jibu lake.