Tai Mwenye Kipande

Nje ya duka la Osman pale Ekerenyo kulikuwa na benchi, ubao mmoja juu ya mawe mawili, na mwaka ule vita vilipokwisha ndilo lililojua kila kitu. Osman alimimina kahawa. Obadiah waliyemwita Bama, kwa kuwa alipigana vitani huko Burma, wao wakiita Bama, na hakuacha kuisimulia, aliinywa. Ratemo waliyemwita Shemasi, Msabato safi asiyegusa kahawa, aliletewa maji moto katika kikombe kilekile akayapuliza kama wenzake. Asubuhi moja Nyanchera akashuka kilima mbio, matope mpaka magotini. Kichuguu alichoachiwa na marehemu mumewe kilikuwa kinatoa kumbikumbi, mboga ya wajukuu ya wiki nzima, na tai tisa walikuwa wamekizunguka wanakula.

— Si uwafukuze, mama? Fimbo huna? aliuliza Osman.

— Fimbo ninayo. Lakini mmoja ana bati mguuni, lina maandishi.

Vikombe vikasimama hewani.

— Hicho ni kipande cha kujitambulisha, alisema Bama. Huyo ni wa serikali. Ukimgusa, utafungwa.

— Kipande si mnavaa shingoni nyinyi wanaume?

— Yeye ataruka vipi na kopo la kipande shingoni? Kwao Ulaya barafu ikianguka wanapewa likizo. Niliwaona Bama, wamepanga foleni angani!

— Likizo gani ya kula mboga ya mjane?

— Subira, mama. Mchumia juani hulia kivulini, alisema Shemasi. Hao ni wale kunguru waliomlisha nabii Eliya. Wamekua. Sasa ni zamu yetu kuwalisha.

— Kunguru wapi! alisema Osman. Hao wanapima shamba. Tai akizunguka kichuguu mara tatu, mwakani unaona seng'enge ya mzungu. Nyansiongo walianza hivyohivyo.

Nyanchera akatazama kilimani. Kumbikumbi hawangoji wazee wamalize kikao. Jua likiwaka kidogo tu, wamekwisha.

Hapo Dahabo, mke wa Osman aliyefika juzi tu kutoka Isiolo, akatoka na birika.

— Mayai yao wanataga wapi?

Bama akatazama mbingu. Shemasi akapuliza maji yaliyokwisha kupoa. Osman akajifanya anatafuta sukari.

Nyanchera alikuwa amekata kuni vilima vile miaka arobaini. Kiota chao hajakiona. Kinda lao hajaliona.

— Kumbe hawana hata nyumba hapa, alisema. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni! Huyo alifungwa kwao asipotee, akatoroka.

Akapanda kilima. Akapiga fimbo chini, na tai wanane wakasogea hatua tatu, polepole, kama wazee wanaompisha mkwe. Yule wa bati hakusogea. Nyanchera akatandika shuka upande wake, akaokota upesi. Tai naye akaokota upande wake.

— Mpigie saluti! Bama alipaza sauti kutoka chini. Mama, saluti kwanza!

Nyanchera hakuwa na mkono mtupu. Akamwinamishia kichwa kidogo tu, kwa tahadhari, akaendelea kuokota.