Namba Aliyoitaja Shayiri

Nilishasema sitaki kuisimulia tena hii habari. Nimemsimulia katekista, nimemsimulia mwalimu mmoja wa Masieda aliyekunywa vikombe vyangu viwili akaondoka kama amekunywa mvua, na sasa na ninyi mmeniletea karatasi, kana kwamba maharage yangu yanajichambua yenyewe. Haya. Naiandika mara moja, na atakayekuja kuuliza tena nitampa karatasi asome, na kahawa atailipia.

Kijiwe kiko Dongobesh, pale Noah za Mbulu zinaposhusha watu, ubavuni mwa duka la mbolea. Benchi ni moja, refu, fundi aliyelichonga alikuwa na haraka, kwa hiyo limelala upande mmoja na anayekaa mwisho anawabeba wenzake wote. Jiko ni langu na birika ni langu, kwa hiyo benchi nalo nalihesabu langu. Wenyewe wanaliita Bunge. Hermani tunamwita Profesa, maana aliacha shule kidato cha pili lakini kufundisha hajaacha. Idd ni Bandari. Alikuja na lori kutoka Kondoa akaoa hapa. Dar es Salaam alifika mara moja, ila ukimsikiliza utadhani ile bahari aliichimba yeye. Halafu kuna Nicodemo, baba Yonas, mtunza stoo wa kampuni moja ya shayiri kule Hanang. Huyu anakuja siku za mnada, na jina lake ni Shayiri. Ni mtu mpole. Mlishike hilo, kwa sababu watu wakiisikia habari hii wanamfanya jambazi.

Siku hiyo ya mnada upepo ulikuwa unakata masikio, na Severina akaja amejifunga shuka mpaka kidevuni. Severina ni binti wa Getruda, fundi cherehani. Amesoma mambo ya stoo Singida, akarudi, akawa anauza dukani kwa watu kwa posho ya chakula. Analala chumba kimoja na wasichana wengine wa duka, na mtoto wake Sara yuko Masieda kwa ndugu, analelewa na yeyote aliyeko nyumbani siku hiyo. Sasa kampuni ya vitunguu saumu ilikuwa imefungua ghala njia ya Haydom, wanataka mtunza stoo, na wamemwita Alhamisi kwenye usaili.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Akasema hakuja kukaa, amekuja kuuliza. Rafiki yake amemwambia mwisho wa usaili wanakuuliza unataka mshahara kiasi gani. Ukitaja mkubwa wanakucheka, ukitaja mdogo wanakupa huohuo. Alikuwa ametafuta kwenye simu, simu ikamletea mishahara ya Dar na ya nchi ambazo hata Bandari hajazisema. Yeye alitaka kujua ya huku. Alikuwa ameshapiga hesabu: akipata ya kutosha vyumba viwili na mtu wa kushinda na mtoto, Sara anakuja. Isipotosha, Sara anabaki Masieda mwaka mwingine, na tayari alikuwa anamwita mama yake shangazi.

Hapo ndipo wangesema hatujui. Lakini Bunge halijawahi kusema hatujui.

Profesa akaanza. Alisema mshahara unafuata lami. Kadiri ghala linavyokuwa mbali na lami ndivyo mshahara unavyopanda, maana wanakulipa na vumbi lako. Bandari akamwambia kwa hesabu hiyo mbuzi wa Masieda wangekuwa mameneja.

— Mwanangu, sikiliza mimi niliyetembea, alisema Bandari. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo taja namba mbili. Ya juu na ya chini. Wachague wenyewe.

— Watachagua ya chini, Severina alisema.

— Ndiyo maana ya chini unaiweka juu.

Profesa akafunga macho kama anasali. Akasema Bandari ni dereva, mambo ya ofisi ayaache. La muhimu ni maji. Wanakuwekea chupa ya maji mezani. Ukiimaliza wanajua una shida, wanakata mshahara palepale. Usipoigusa wanakuona una kiburi. Unatakiwa kunywa nusu.

— Na ukiwa na kiu kweli? niliuliza.

— Bibi, kiu ni ya kabla ya kazi.

Bandari akasema maji si kitu, jambo ni jina. Severina ni jina zito, la ubatizo wa zamani. Wangeona Loveness kwenye karatasi wangejua huyu kazaliwa juzi, atalipwa juzi. Kwa Severina wataongeza. Profesa akasema hapana, aende akiwa ametoka kushika vitunguu saumu, asioge. Nikamwangalia. Akaeleza kwamba mtu anayenuka saumu wenye ghala wanamhesabu wa nyumbani, na mtaka cha uvunguni sharti ainame, kwa hiyo aingie vilevile ameinama, asinyooke mpaka aambiwe.

Yule binti aliwasikiliza wote mpaka mwisho, ana adabu kuliko mimi. Halafu akageuka kwa Shayiri, ambaye muda wote alikuwa anapuliza kahawa yake tu.

— Baba Yonas, samahani. Wewe ndiyo unafanya kazi yenyewe. Unapata kiasi gani?

Bandari aliangalia Noah kama vile ameagiza mzigo.

Wasiotoka huku niwaeleze. Kwetu mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ukimuuliza atakwambia vipo viwili vitatu vya kufukuzia nzi, na wewe unajua hajasema, naye anajua unajua. Ng'ombe wake wengine wako kwa rafiki yake huko, wa rafiki yake wako kwake, na hata mtendaji akija na kalamu hataelewa zizi ni la nani. Siyo uongo, ni uzio. Mshahara ulipokuja huku tukauingiza kwenye uzio huohuo. Mwalimu hasemi, nesi hasemi, na mke wa mwalimu anakadiria kwa uzito wa nyama.

Severina alijua hayo yote. Ndiyo maana alisema samahani. Lakini Alhamisi ilikuwa inakuja na hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Shayiri akaangalia viatu vyake.

— Laki moja na themanini, alisema. Na hiyo ni kwa kusukumana.

Tukamwamini. Nami nikamwamini, maana alisema kwa aibu, na kwa macho yangu aibu na ukweli vinavaa nguo moja. Severina akamshukuru kwa mikono miwili. Akasema basi yeye atajikaza, atataja laki mbili. Profesa akamwonya asiwe na tamaa.

Mnada uliofuata alirudi na kilo ya sukari. Kazi ameipata. Alileta sukari kwa mke wa Shayiri, Judica, kwa ajili ya ule msaada. Bunge likafurahi, kila mtu akachukua ushindi wake: Profesa akauliza kama alikunywa nusu chupa, Bandari akasema jina, nilisema mimi, jina. Severina akatusimulia. Walikuwa watu watatu mezani. Mama mmoja ndiye aliyeuliza swali la mshahara. Akaikumbuka laki moja na themanini ya baba Yonas, akajikaza akasema laki mbili, na yule mama aliandika kabla hajamaliza kutamka, na baba wa pembeni akafunika kalamu. Wakamwambia hongera, asaini, mkataba wa mwaka mmoja.

— Waliandika haraka hivyo? nilimuuliza.

— Haraka sana, bibi. Nikajua wamenipenda.

Kwenye benchi siku hiyo kulikuwa na mgeni. Dionis, mtu mzima mwenye mvi, kutoka Endasak, alikuja na Shayiri kuuza kondoo. Wanafanya kazi pamoja kwenye ile stoo ya shayiri. Alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu. Akaweka kikombe chini, akauliza polepole, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia:

— Samahani jamani. Mimi ni msaidizi wake Nicodemo. Ninapokea laki mbili na nusu. Hivi msaidizi anampitaje mkubwa wake?

Profesa, ambaye ana jibu hata la kwa nini punda hatapiki, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Shayiri alianza kutafuta kikombe chake, na kikombe kilikuwa mkononi mwake.

Severina hakulia. Alikaa pale mwisho wa benchi, mahali pa kubeba wenzako, ile sukari bado ameipakata.

— Baba Yonas, unapata kiasi gani?

— Mwanangu, uliniuliza mbele ya watu. Hapa kuna wa mchango wa harusi, kuna wa ada. Wakwe zangu bado wanadai mahari, nimewaambia sina kitu. Ningesema nini?

— Ungesema husemi.

Shayiri akaweka kikombe chini.

— Ungesema husemi, baba, mimi ningeenda kuuliza kwingine. Nilikuwa na siku tatu.

Nami nilimwonea huruma yule mwanaume, sitaki kudanganya. Mtu mwenye kipato huku ni kama ng'ombe aliyefia barabarani, kila apitaye ana kisu. Lakini kuficha kisima chako ni jambo moja. Kumwelekeza mwenye kiu kwenye korongo kavu ni jambo lingine, na hilo la pili lina faini tangu kabla ya wazungu kuja.

Bandari akasema tuyamalize hapahapa kiume, Shayiri aombe radhi, yaishe. Nikamwambia anywe kahawa yake. Kwetu mwanaume akimkosea mwanamke kwenye jambo la kulea, akina mama wanakaa peke yao, na wanaume hawasogei. Wakitamka faini, imetamkwa. Asiyelipa hataazimwa hata chumvi, na akifiwa watakuja kuzika wakiwa kimya.

Tulikaa kwenye malisho, nyuma ya josho la ng'ombe. Getruda alikuja na mguu wake mbaya, anaburuta. Judica alikuja pia, na sote tulidhani amekuja kumtetea mumewe. Shayiri tulimsimamisha mbali kidogo, kofia mkononi. Kwanza tulimtaka aseme namba ya kweli. Alisema akiangalia josho.

— Laki nne na nusu.

Judica aliirudia kwa sauti ndogo, mara moja, kama mtu anayejaribu kiatu. Miaka yote amekuwa akipika kwa laki moja na themanini.

Severina akaulizwa anataka nini. Alisema hataki Shayiri alaaniwe, ana watoto. Hataki afukuzwe kwenye kahawa. Kazi ameshasaini na ataifanya. Anachotaka ni mwanawe alale chumba anacholala yeye mwaka huu, siyo mwaka ujao, kwa sababu mwaka ujao atakuwa shangazi kabisa.

Basi tukatamka: mtamba mmoja, asiye na kovu. Auzwe mnadani, pesa yake ilipie vyumba na mtu wa kushinda na mtoto mpaka mkataba uishe.

Shayiri akasema kwa unyenyekevu kabisa kwamba yeye ng'ombe hana. Angekuwa naye angetoa.

— Wapo, alisema Judica. Wako Endasak kwa rafiki yake Hilary. Chukueni yule mweusi, ndiye mzuri.

Tukamgeukia. Getruda akamuuliza amejuaje, maana hayo mwanaume hamwambii hata padri.

— Mtu asiye na ng'ombe harudi na kupe kwenye soksi, alisema. Ng'ombe nilijua siku zote. Nilikaa kimya nikadhani anawawekea watoto. Mshahara ndio sikuujua.

Pale kwenye nyasi tukacheka kidogo, hata Getruda na mguu wake. Shayiri naye nadhani alitaka kucheka, akaona siyo siku yake.

Kuna sharti moja nililiongeza mimi, na wenzangu wakalikubali: asimpakie kwenye gari. Ng'ombe wa faini anaswagwa na mwenyewe, kwa miguu, mchana. Akamtoa Endasak alfajiri, akalala njiani, kesho yake akawa anapita kwa baba mkwe wake, mzee Sulle, ambaye alikuwa amekaa nje anaota jua. Mzee akaitikia shikamoo, akamtazama yule mtamba kuanzia pembe mpaka mkia.

— Unamswagia nani?

Shayiri angeweza kusema ni wa mtu. Wengi wangesema hivyo. Yeye, kwa jinsi Judica alivyosimulia baadaye, alishusha fimbo begani.

— Ni wangu, baba, alisema. Nimetozwa.

Mzee akamletea maji, akamwuliza habari za wajukuu, akamtakia safari njema. Hakuuliza kitu kingine.

Mtamba aliuzwa Dongobesh kwa bei nzuri. Sara alishuka kwenye Noah na kifurushi chake, akamsalimia mama yake shikamoo shangazi, na Severina akaitikia, akambeba hivyohivyo. Shayiri alihesabiwa amelipa, akarudishiwa nafasi yake kwenye benchi, na kahawa ya kwanza nilimpa bure.

Wiki iliyofuata wazee wawili wa ukoo wa Judica walikwenda Endasak kwa Hilary, na kamba mbili. Walirudi na dume aliyekuwa bado anadaiwa kwenye mahari, na jike mmoja mwenye ndama, fidia ya kusubirishwa miaka yote.