Kirimi, Aliyepiga Simu Kabla ya Kila Mechi

Jumamosi, tarehe kumi na tano Machi, mwaka jana. Saa mbili na nusu asubuhi, saa za Toronto. Simu iko juu ya meza ya jikoni, katika nyumba moja ya Lawrence Heights. Haikulia.

Wasikilizaji wapendwa, hilo ndilo jambo la kwanza tunalolijua kwa hakika kuhusu siku ile. Simu haikulia. Mwenye simu ni Mama Jemimah Kagendo, muuguzi, mzaliwa wa Meru. Aliyetarajiwa kupiga ni mwanawe, Crispus Kirimi, mshambuliaji wa timu ya Aldersby huko Uingereza. Kirimi alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Ndiye tunayemkumbuka leo.

Tuanze mwanzo. Kirimi alizaliwa Uingereza, mama yake akisomea uuguzi. Baba yake alikuwa na makazi ya kudumu kule, kwa hiyo mtoto akapata pasipoti ya Uingereza. Wazazi waliachana. Mama alikuja Toronto na watoto wawili: Valerie, miaka tisa, na Kirimi, miaka sita. Walikaa Lawrence Heights. Mama bado anakaa hapo.

Kirimi alijifunzia mpira katika uwanja wa shule ulio mbele ya nyumba yao. Rafiki yake alikuwa Divin, kutoka Kongo, aliyekaa mlango wa tatu. Divin alipiga krosi, Kirimi alipiga kichwa. Divin anasema walifanya hivyo kila siku mpaka giza, hata theluji ikiwepo. "Mpira ilikuwa inakuwa jiwe," aliniambia. "Kirimi anapiga na kichwa tu. Mimi namuuliza, weye, hii kichwa utasomea nayo?"

Mama Jemimah alikwenda kumtazama mwanawe uwanjani mara mbili. Naomba mlishike hili. Mara mbili tu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2008. Dakika ya sita, Kirimi alivunjika mfupa wa bega. Mara ya pili ilikuwa 2010, fainali ya vijana. Kirimi alipiga penalti, mpira ukapita juu ya mwamba. Timu ikashindwa. Wakati wa kurudi nyumbani, Divin alisema ndani ya gari: "Mama Valerie, ukikuja tena tutaweka polisi kwa geti." Wote walicheka. Mama pia alicheka. Lakini hakwenda tena.

Ilianza kama mzaha. Ikawa sheria. Kirimi mwenyewe alikuwa akimwambia, "Mathe, wewe kaa jikoni. Mimi nitafunga."

Julai 2011, akiwa na miaka kumi na tisa, Kirimi alikwenda Uingereza kufanya majaribio. Timu ya kwanza ilimkataa. Ya pili, Wexcombe, ilimchukua.

Wengi wenu mnaijua soka ya Uingereza ile ya kwenye runinga. Hii siyo hiyo. Ligi za kule zimepangwa kama ngazi, na timu za runinga ziko juu kabisa. Kirimi alicheza daraja la saba, kisha la sita. Msimu mmoja tu alifika la tano. Huko uwanja una jukwaa moja la mbao. Watazamaji ni mia nne, mvua ikinyesha ni mia mbili. Mchezaji ana kazi nyingine. Kirimi alikuwa fundi wa kuweka madirisha. Alianza kazi saa moja asubuhi, na jioni za Jumanne na Alhamisi alikwenda mazoezini.

Alicheza misimu kumi na minne, katika timu nne. Mechi mia nne na kumi na mbili. Mabao mia moja thelathini na moja. Kuna waliotangaza kwamba ni mabao mia na hamsini. Si kweli. Nimezihakiki rekodi za timu zote nne. Ni mia moja thelathini na moja.

Mama Jemimah hakubaliani nami. Kwake ni mia moja thelathini na mawili. Bao moja la Februari 2017 mtangazaji alilitaja kuwa la Kirimi. Baadaye ligi ilisema ni beki aliyejifunga mwenyewe. "Hao watu wa ligi hawakuwa na mimi jikoni," Mama aliniambia. "Mimi nilisikia."

Ni kweli alisikia. Mechi za daraja hilo hazionyeshwi kwenye runinga. Lakini timu nyingi zina mtangazaji wa kujitolea, na sauti yake husikika kwenye mtandao. Aldersby walikuwa na mzee mmoja, tarishi mstaafu wa posta, aliyetangaza kutoka kibanda cha mbao. Mama alimsikiliza miaka sita. Mechi ilianza saa tisa alasiri kule, na huku ilikuwa saa nne asubuhi. Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, Mama Jemimah alikuwa jikoni na sauti ya yule mzee. Kama alikuwa na zamu hospitalini, alibadilishana na mwenzake. Alichukua zamu za Krismasi ili apate Jumamosi.

Na kabla ya mechi, simu. Saa saba na nusu mchana kule, saa mbili na nusu asubuhi huku. Dakika tano au sita. Baada ya hapo wachezaji waliingia chumba cha kuvalia, na mlangoni kulikuwa na ndoo. Kila mmoja alitumbukiza simu yake ndani ya ndoo hiyo, na hakuichukua mpaka mechi iishe. Kwa hiyo simu ya Kirimi kwa mama yake ilikuwa na saa yake. Ikipita, imepita.

Jambo moja zaidi kuhusu mabao yake. Kila alipofunga, Kirimi alikimbilia kona ya uwanja, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Mashabiki wa timu pinzani walidhani anawadhihaki. Mara mbili mwamuzi alimpa kadi ya njano. Kirimi hakuwahi kumweleza mwamuzi. Valerie ndiye aliyenieleza, kwa Kiingereza, nami natafsiri: "Alikuwa anamuuliza Mum, umesikia?"

Sasa turudi kwenye wiki ile ya Machi.

Alhamisi, tarehe kumi na tatu, Kirimi alimpigia mama yake. Alimwambia anastaafu mwisho wa msimu. Mechi ya mwisho ingekuwa tarehe ishirini na sita Aprili, nyumbani Aldersby. Alikuwa amenunua tiketi mbili za ndege, ya Mama na ya Valerie. Alitaka mama yake amwone akicheza utu uzimani, angalau mara moja.

Mama alikataa. Nimemwomba ruhusa ya kuyasema maneno haya, akanipa.

"Nikija utaumia," Mama alisema.

"Mathe, nimeumia mara kumi na moja ukiwa jikoni."

"Kwa hivyo ni mimi?"

"Sijasema ni wewe. Nimesema uje."

"Siji, Kirimi."

"Basi usije."

Simu ikakatika. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho kwa sauti hai. Basi usije.

Jumamosi, saa mbili na nusu, Mama alikaa mezani. Simu haikulia. Alisubiri nusu saa. "Nilijua amekasirika," aliniambia. "Miaka kumi na minne hajawahi kukosa. Nikasema sawa. Kama yeye hataki kupiga, leo na mimi sisikilizi."

Saa tatu kamili alizima simu, akaiweka kwenye mkoba. Akatoka. Kanisani kulikuwa na harusi, naye alikuwa kwenye zamu ya chapati.

Wasikilizaji wapendwa, Kirimi hakuwa amekasirika. Ilikuwa ni saa tu.

Canada husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Uingereza husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi. Katikati kuna wiki tatu ambapo tofauti yetu na wao si masaa matano. Ni manne. Saa saba na nusu ya Kirimi haikuwa saa mbili na nusu ya mama yake. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Familia hii ililijua jambo hilo vizuri. Kila Machi, Valerie aliandika karatasi na kuibandika kwenye friji ya mama yake: simu saa tatu na nusu, mechi saa tano. Mwaka jana, wiki hiyohiyo, Valerie alikuwa anahamia Crescent Town. Alikuwa katikati ya maboksi. Hakuandika karatasi. Saa ya ukutani jikoni Mama aliisogeza mbele mwenyewe, kama ilivyotakiwa. Saa ya Kirimi hakuikumbuka.

Kirimi alipiga saa tatu na nusu kamili. Alipiga tena saa tatu na dakika thelathini na nne. Alipiga tena saa tatu na dakika arobaini na moja, akaacha ujumbe wa sauti. Sekunde kumi na tisa. Kisha simu ikaingia kwenye ndoo.

Mechi ilianza saa tano asubuhi, saa zetu. Dakika ya thelathini na nane, krosi kutoka kulia, Kirimi akapiga kichwa. Bao. Alikimbilia kona, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Picha ipo. Saa hiyo mama yake alikuwa anasukuma chapati.

Dakika ya sabini na moja alianguka. Hakuwa ameguswa na mtu. Madaktari walikuwa naye ndani ya dakika moja. Alitangazwa kufariki hospitalini saa kumi na moja na dakika kumi jioni, saa za Uingereza. Ripoti ya daktari inasema ni moyo. Inasema pia hapakuwa na dalili yoyote kabla. Mimi sina la kuongeza hapo.

Timu ilimpigia Valerie. Valerie aliendesha gari kutoka Crescent Town hadi kanisani. Alifika saa nane na dakika tano. Mama alikuwa anasugua sufuria. Aliinua macho akamwona binti yake mlangoni, akauliza neno moja.

"Amepiga?"

Valerie ananiambia kwamba katika siku ile yote, hilo ndilo asiloweza kulisimulia mara mbili. Kwa hiyo nami nitalisema mara moja tu.

Kirimi alizikwa hapa Toronto, tarehe tano Aprili. Jeneza lilibebwa na Divin na wenzake watano wa uwanja wa shule. Wachezaji wanne wa Aldersby walikuja. Mmoja alimwuliza Mama kama angependa kujua Kirimi alikuwaje siku ile katika chumba cha kuvalia. Mama akasema ndiyo. Yule kijana akasema: "Alisema mama yake atakuja Aprili. Alisema wewe husema hapana kwanza."

Ujumbe wa sauti Mama hakuufungua. Kampuni ya simu hufuta ujumbe baada ya siku kadhaa, kwa hiyo Valerie aliuhifadhi, sauti ikiwa imezimwa. Ulikaa. Wiki moja, mbili, sita.

Kwa Mama Jemimah Kagendo, kwa Valerie, kwa Divin, na kwa wote wa Lawrence Heights waliomjua Kirimi akiwa kijana wa kichwa kigumu: pokeeni pole zetu. Tunajua pole haipunguzi kitu. Tunaitoa kwa sababu ni haki yenu.

Nanyi mnaosikiliza, leo ni Jumamosi, tarehe saba Machi. Usiku huu saa zinasogezwa mbele. Nusu yenu mna mtu ng'ambo anayepiga simu kwa saa yake. Andikeni karatasi, bandikeni kwenye friji. Na kama mtu wako hakupiga, na mligombana Alhamisi, piga wewe. Nilijiahidi kutozungumzia hisia katika kipindi hiki, na hizo si hisia. Ni maelekezo.

Linabaki jambo moja lililothibitishwa.

Tarehe ishirini na sita Aprili, Mama Jemimah na Valerie walikuwa Aldersby. Walizitumia zile tiketi mbili. Geti lilifunguliwa mapema kwa ajili yao. Mzee mmoja aliwasalimu kwenye ngazi za jukwaa, na Mama alimtambua kabla hajajitaja, kwa sauti. Mzee alimtaka akae karibu na kibanda chake cha kutangazia. Mama alikaa.

Saa saba na nusu mchana, uwanja ukiwa bado mtupu, Mama alitoa simu kwenye mkoba. Kulikuwa na upepo. Aliweka simu kwenye sikio la kulia na kiganja kwenye sikio la kushoto, akasikiliza sekunde zote kumi na tisa.