Kijiti Changu Katika Tundu la Robo Inchi

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa ukumbi huu wa Kaloleni hadi madirishani, nimesimama kwa niaba ya familia, jina langu Zablon Owiti, ndugu mdogo wa Truphena, kwa hiyo marehemu ni shemeji yangu, na kwa kuwa mashemeji hutaniana hata msibani, msinishangae nikicheka, maana yeye mwenyewe angenishangaa nikilia tu.

Marehemu Tobias Amolo alizaliwa tarehe 9 Novemba 1908 karibu na Yala, kifungua mimba katika watoto sita, akaingia shule ya misheni mwaka 1918, akasoma hadi darasa la nne, na baba yao alipofariki mwaka 1924 akaiacha kalamu ili wadogo zake waishike, nao wote watano waliishika, na wote watano wako hapa leo, mbele yenu, viatu vimeng'aa.

Mwaka 1927 aliajiriwa na reli kule Kisumu, kibarua wa kubeba mbao, mwaka 1931 akahamishiwa Nairobi kwenye karakana ya mabehewa, na huko akapanda polepole hadi akaitwa fundi, jina alilolipenda kuliko lile la ubatizo. Tarehe 16 Desemba 1933 alimwoa dada yangu Truphena, wakajaliwa watoto wanne, Dorka, Meshak, Rispa na Yona, na mwaka 1948 wakapata nyumba hapa Kaloleni, nyumba yenye kistoo nyuma ya jiko, na hicho kistoo, ndugu zangu, ndicho kilichotuletea mambo.

Shemeji alikuwa na keekee ya mkono, na kila mwisho wa mwezi alinunua biti moja, yaani vile vyuma vya kutobolea, haba na haba mpaka zikafika ishirini na moja, lakini hazikuwa na makao, nyingine zililala kwenye kopo la chumvi, nyingine ndani ya soksi, na Jumapili ya Pasaka mwaka 1950 mchungaji wetu alikaribishwa chai, akachota sukari, akakoroga, akasikia kitu kinagonga kikombe, akatoa biti. Lo! Dada yangu alimsindikiza mgeni hadi mlangoni, kisha akatangaza kwamba ama vyuma hivyo vipate nyumba yao, ama vihamie jikoni pamoja na mwenyewe, na mkeka atawapa.

Basi shemeji akanunua kipande cha mvule, akatoboa matundu ishirini na moja, kila biti ikijitobolea tundu lake yenyewe, akazipanga kuanzia ile nyembamba kama sindano hadi ile nene ya nusu inchi, akatuita sote tuione, na kweli ilipendeza, ila wiki iliyofuata mvua za Aprili zikanyesha, mti ukavimba, biti zikabanwa, hata moja isitoke. Fundi wa reli, miaka ishirini na mitatu kazini, amesahau kwamba mti hunywa maji! Alilibeba gogo lile mpaka dukani kwa jirani yetu Mzee Muhidin, wakavuta kwa koleo, mmoja kashika gogo, mwingine kajitegemeza ukutani kwa mguu, Mzee Muhidin akiapa wallahi hajaona meno magumu namna hiyo, na tatu zikakatika.

Hakukata tamaa, alizinunua tena hizo tatu, akachonga gogo la pili, na safari hii kila biti ikatobolewa tundu na ile iliyo kubwa kwake kidogo, ili ikae kwa nafasi, ikabaki ile ya nusu inchi peke yake, haina mkubwa wa kuitobolea, naye akakaa jioni tisa nzima akilipanua tundu lake kwa tupa ya mviringo. Nilimcheka sana wakati ule, lakini leo nikiwatazama wadogo zake watano naona vyema ni nani aliyewatobolea, na ni nani hakuwa na wa kumtobolea, na moyo unaniuma.

Gogo hilo lilikuwa na sheria moja tu, ukiazima biti unaacha tunduni kijiti chenye jina lako, ukirudisha unachukua kijiti chako, na watu wa Kaloleni walijichongea vijiti kama vile ni vyeti vya shule, Mzee Muhidin akiandika chake kwa herufi za Kiarabu ambazo hakuna mwingine aliyeweza kuzisoma, na hakuna aliyeshindwa kujua ni cha nani.

Sasa nifike kwenye langu. Desemba mwaka 1953 niliazima biti ya robo inchi nitengeneze kitanda, nikaikandamiza kama mtu anayechimba kisima, ikakatika, na kwa aibu nikamwambia shemeji nitairudisha kesho. Ahadi ni deni, nalijua hilo, lakini kesho ikawa keshokutwa, na kila siku iliyopita ilizidi kunifunga mdomo.

Aprili mwaka 1954, siku za Hali ya Hatari, msako ukapita nyumba kwa nyumba, na enzi hizo mtu mwenye keekee alishukiwa kwamba anatengeneza bunduki, nami nilikuwa nimejificha kwa rafiki kule Ziwani, sina karatasi za kuniruhusu kukaa Nairobi, na jina langu linaning'inia pale kwenye tundu la robo inchi. Shemeji aliposikia mlango wa jirani unagongwa alikwenda kwenye gogo kabla ya jambo lolote, akakichomoa kijiti changu, akakitia mfuko wa shati. Askari waliona gogo limepangwa kwa utaratibu, wakaona pia kwamba tundu moja ni tupu, wakataka kujua biti iko wapi na nani anayo, akawajibu kwamba aliivunja yeye, hawakuamini, wakamchukua wakamhoji siku mbili, na jina langu halikumtoka kinywani. Aliporudi alilalamikia uji tu, akasema mpishi wao hajui chumvi, kisha akaingia kistooni, na, jamani, akakirudisha kijiti changu palepale tunduni! Kunificha alinificha, ila sheria ya gogo ilibaki sheria.

Miaka mitano kijiti kile kimekaa pale, hakuniuliza hata siku moja, kila nilipokuja kula kwake alikipangusa vumbi nikiona, basi, na mimi ningeweza kununua nyingine wakati wowote, lakini aibu ikishaota mizizi kuing'oa ni kazi.

Aliugua mapafu tangu Agosti 1958, akalazwa mara tatu, na juma la mwisho aliniita kitandani, akaniambia yote ameyapanga, limebaki tundu moja, angependa lijazwe kabla hajapanda gari moshi la kurudi kwao. Alitutoka Jumanne tarehe 3 Machi 1959, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa reli waliotengeneza jeneza hili, tena kwa biti zake mwenyewe, na zote zimerudi tunduni, Mzee Muhidin aliyefunga duka siku nne kwa ajili yetu, na majirani wote waliopika, waliochota maji, waliokesha na dada yangu.

Gogo lenyewe mnaliona hapa mezani, halitagawanywa, litakaa kwa Truphena, na sheria ni ileile. Jana nilizunguka maduka ya vyuma ya mji mzima, nimeipata, hii hapa robo inchi, naitia, mashahidi ni ninyi, matundu ishirini na moja yamejaa. Kijiti changu nimekichomoa alfajiri ya leo kabla jeneza halijafungwa, nikakitia kwenye mfuko wa shati lake, uleule wa upande wa kushoto.

Shemeji Tobias, gari moshi laondoka saa kumi na moja, safiri salama, ulale kwa utulivu, na huko uendako wakikuuliza biti alikuwa nayo nani, safari hii nimekuruhusu, nitaje.