Saa za Kivuli Alizozikataa Byron

Leo ni Jumamosi, tarehe sita Septemba 2025, na huu ni mwaka wa saba tangu niondoke Thika kwenda Uhispania kufanya kazi ya nyanya.

Mama Selpha. Mheshimiwa Chifu, Mchungaji Gachau, Mwalimu Waruguru, wazazi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wahitimu mnaosafiri kwenda kazini Uhispania Januari. Najua itifaki inataka Chifu atangulie, naye ataniwia radhi. Mama huyu ameketi mstari wa pili, na nikishamwona siwezi kuanza na mtu mwingine.

Naitwa Dalmas. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nitasema kwa kifupi na kwa ukweli. Nimewasikia mkijibu maswali ya Mwalimu Waruguru. Mji mkuu ni Madrid. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walitawala sehemu za nchi ile karibu miaka mia nane, mpaka Granada ilipoanguka mwaka wa 1492. Mmefundishwa vizuri. Kisha Mitchell akaulizwa kuhusu siesta, akajibu kwamba jua likiwa kali watu hufunga duka, wakala chakula, wakajilaza kidogo. Ukumbi ukacheka. Kuna mmoja huko nyuma akasema hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Mimi sikucheka. Mama Selpha hakucheka, na Mitchell mwenyewe hakucheka, kwa sababu Byron alikuwa mwana wa Mama na kaka yake Mitchell.

Wengi mlimjua Byron hapa Theta. Wasiomjua niwaambie: tulikuwa vibarua pamoja Eneo la Viwanda la Thika, mimi naye. Kazi ya kibarua mnaijua. Alfajiri mnasimama getini, supavaiza ananyoosha kidole, wewe, wewe, na yule. Aliyeonekana jana ameketi, leo kidole kinampita. Byron alilijua geti lile kuliko sisi wote. Hata chakula alikula amesimama, jicho mlangoni. Na wakala aliyetupeleka Uhispania, nimpe sifa zake, alitusindikiza vizuri hadi uwanja wa ndege na akatupa neno la safari: "Mkenya hachoki." Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyomwona. Lakini neno lake Byron alilibeba.

Tulifikia Almería, kusini kabisa, karibu na bahari. Msidhani Ulaya yote ni baridi na majani mabichi. Kule ni nusu jangwa. Mabanda ya plastiki ya kukuzia nyanya yamefuatana toka ufukweni hadi miguuni mwa milima, meupe, ukiyatazama kutoka juu utafikiri ni theluji. Ndani yake, kiangazi, hewa inakuwa kama ya sufuria iliyofunikwa. Kwa sababu hiyo kazi huanza jua likichomoza, na ikifika saa saba mchana kila mtu hutoka. Siesta, wahitimu, mijini wengi wameshaiacha. Kwenye mabanda, kupumzika mchana si starehe wala uvivu. Ndiko kunakomfikisha mtu jioni.

Mkuu wetu wa kazi, mzee wa huko huko, alikuwa na mdomo mchafu na sikumpenda kwa mambo mengi. Lakini hilo alilisema kila siku, na asiyejua Kihispania alimwonyesha kwa mkono: nje, kivulini.

Byron hakumwamini. Aliniambia, "Huyu anatupima, Dalmas. Anataka kujua nani atakaa." Nikamwambia huku hakuna geti. Akanijibu kwamba kila mahali kuna geti, ila kwingine hulioni.

Nchi ile ni ya Wakatoliki, lakini Jumapili ya kawaida kanisani utakuta akina mama wazee wachache. Wiki Takatifu ndiyo huwatoa watu wote barabarani. Hubeba Bikira Maria juu ya jukwaa zito, na wanaobeba wako chini, wamefunikwa kwa kitambaa, unaona viatu tu. Pasaka yetu ya kwanza Byron aliinama akavitazama viatu vile, akasema, "Hao ndio sisi." Nikamwonyesha kwamba baada ya hatua kadhaa jukwaa huwekwa chini, walioshika hutoka kupumua, wengine huingia. Hata Mama wa Mungu husimama barabarani akawangoja wanaombeba. Akacheka, akasema mimi ningefaa kuwa padri.

Mwaka uliofuata, mwisho wa Juni, tulikuwa tunang'oa mashina ya nyanya zilizozeeka. Saa saba ikafika, tukatoka, tukalala kivulini mwa lori. Nilipoamka hakuwepo. Tulimkuta katikati ya mistari, kifudifudi, mashina yamelundikwa vizuri nyuma yake. Alikuwa amemaliza mstari wake na nusu ya wangu. Yule mzee wa mdomo mchafu alimbeba mwenyewe hadi nje, akawa anarudia neno moja tu: kivuli, kivuli. Byron hakufika hospitalini akiwa hai.

Ulikuwa mwaka wa corona, viwanja vya ndege vimefungwa, huku na huko. Tukamzika kwa desturi yao. Kule wengi hawachimbiwi chini. Kuna ukuta wenye vyumba vidogo, jeneza linasukumwa ndani, fundi anaziba kwa saruji. Tulisimama na mikono mitupu, hakuna udongo wa kurusha. Nilipomtumia Mama picha alinipigia simu, hakulia. Aliuliza, "Mbona mmemweka mwanangu kabatini?"

Chumba kile hupewa mtu kwa muda, na muda wa Byron umekwisha. Wametuvumilia hadi Novemba mosi, Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ambayo kila familia huko huenda kuosha makaburi na kuweka maua. Baada ya hapo mifupa isiyo na mwenyewe huchanganywa na mingine katika shimo moja, na hakuna wa kuitofautisha tena. Ruhusa ya kumtoa imepatikana. Naondoka Jumatatu.

Wahitimu, sikuja kuwazuia. Ningewazuia na nini, na mimi mwenyewe narudi? Mitchell, mdogo wangu, jana uliniambia utafanya kazi ya watu wawili ili jina la kaka yako lisipotee. Jina lake mimi ndiye ninayelileta nyumbani. Wewe, saa saba ikifika, toka. Wakikucheka, toka. Ukijiona mvivu, toka, ukae chini, kaka yako hakukaa.

Mchungaji Gachau, nakushukuru kwa ukumbi. Mwalimu Waruguru, asante kwa kunipa nafasi. Wote mlionisikiliza bila kuangalia saa, Mungu awabariki.

Mama, waambie wazee wa kwenu Kimilili wachimbe kaburi. Nitafika wiki ya pili ya Novemba, na sitakuja peke yangu. Udongo wasiurudishe mpaka tufike.