Gololi Yakwama Kwenye Nusu

Benchi lilikuwa la fundi seremala mwenyewe. Alilitengeneza kwa mabaki ya mbao, akaliweka nje ya karakana yake, chini ya bati lililotokeza mbele ya mlango. Kila alasiri, kazi zikipoa, lilikuwa na wenyewe: kinyozi wa mlango wa pili, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, na tarishi mstaafu waliyemwita Hakimu, ambaye hakuwahi kusikia jambo asilitolee hukumu. Kahawa ilitoka kwa Redio, kwenye birika lenye mpini uliofungwa waya. Siku hiyo fundi alitoka ndani na ubao mrefu, akaulaza katikati yao taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Mkewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya jirani, alizikwa mvua zilipoanza. Ubao huo alikuwa ameuomba tangu yu mzima. Sasa mvua zilikuwa zimekwisha, ubao ulikuwa umekamilika, na mwalimu aliyerithi darasa lake alikuwa njiani kuja kuuchukua.

— Hii nini tena? — Redio aliuliza. — Ngazi ya panya?

— Ni ya kufundishia desimali, — fundi alijibu.

Aliupitishia kiganja. Ulichongwa vilima na mabonde kama mawimbi, ukapigwa msasa hadi ukang'aa, na juu yake ukapita mfereji mwembamba wa kubeba gololi. Namba zilichimbwa kwa patasi, sifuri hadi tano, kila moja kwenye kilele chake.

— Mtoto anaambiwa, hii mbili nukta nane, ikadirie iwe namba nzima, — fundi alieleza polepole. — Wengi wanakariri kanuni tu, wakitoka nje imepotea. Marehemu alitaka waone kwa macho. Unaweka gololi mahali pa hiyo desimali, unaiachia, inaporomoka yenyewe hadi kwenye namba nzima iliyo karibu.

— Yaani inarudi kwao, — Redio alisema.

— Hivyo hivyo alivyosema yeye.

Fundi akaweka gololi kwenye alama ya mbili nukta nane, karibu kabisa na kilima cha tatu. Akaiachia. Gololi ikateremka kinyumenyume, ikayumba bondeni, ikatulia.

— Mbili na nusu, — Hakimu alitangaza. — Haikufika.

Fundi akaijaribu nne nukta moja. Ikaenda kulala nne na nusu. Akajaribu sifuri nukta tisa. Ikarudi kwenye nusu. Shingo ilimtoka jasho. Mwalimu alikuwa anakuja, na watoto walikuwa wameshaambiwa.

— Ni hili benchi lako, — Redio alisema. — Mguu mmoja kilema tangu siku ulipolitoa.

Wakainuka wote, wakachomeka kipande cha ubao chini ya mguu, wakajaribu. Nusu.

— Basi ni gololi. Vitu vya dukani siku hizi vina uzito upande mmoja. Ngoja.

Redio akakimbia kwake, akarudi na gololi ya chuma iliyochomoka kwenye kiti chake cha kunyolea. Nusu.

— Mti, — Hakimu akatoa hukumu. — Huu mti ulikatwa kabla haujawa tayari. Una kinyongo.

— Mti una kinyongo na namba tatu? Bwana wee! Mimi nasema ni dunia. Si inazunguka? Kila kitu kinavutwa upande mmoja. Ndiyo maana hata wateja wangu, nikinyoa sawasawa, kichwa kinatokea kimeinama.

— Hapo tatizo si dunia, Redio. Tatizo ni mikono.

— Cheka tu. Au namba nzima zimechoka kupokea wageni, zinawafukuza mlangoni. Au labda... — akashusha sauti. — Labda shemeji mwenyewe kaukataa. Umemchelewesha mno.

Hakimu akamsogezea kikombe.

— Redio, — Hakimu alisema, — kunywa kahawa.

— Nilikuwa natania tu, ndugu yangu.

— Najua, — fundi alisema. — Marehemu yuko kwa Mola wake, hana haja ya kugombana na gololi. Aliyechelewa ni mimi.

Akainama juu ya ubao ili wasimwone uso. Akilini alimwona mkewe kwenye ukingo wa kitanda, amekunja shuka matutamatuta, ameshika punje ya haragwe. "Tazama, baba watoto, tazama inavyokwenda." Naye alikuwa kwenye kigoda na tupa mkononi, ananoa msumeno wa mteja. Aliitika ehe, ehe. Hakuinua macho. Aliyasikia maneno, vilima, mabonde, namba, na maneno hayo ndiyo aliyoyachonga. Haragwe lenyewe lilikwenda wapi, hakuona.

— Shikamooni, wazee.

Alikuwa msichana mwembamba, mkono wa gauni umeingia chaki. Wakaitika kwa pamoja, kisha wakaanza kujitetea kwa pamoja.

— Mwalimu, benchi hilo limepinda.

— Na unyevu, mwanangu. Mbao zinavimba.

Mwalimu akaichukua gololi, akaiweka, akaiachia, akaitazama ikilala kwenye nusu. Hakucheka. Akagusa kilele chenye namba tatu.

— Fundi, kwa nini namba nzima umeziweka juu?

— Kwenye futi yangu ya kupimia, namba nzima ndiyo yenye mstari mrefu. Nusu mfupi, robo mfupi zaidi. Nikaona namba nzima ndiye mkubwa wao. Mkubwa nikamweka juu.

— Lakini gololi haipandi, baba. Namba nzima zikae bondeni, nusu ndiyo ikae kileleni.

Redio akajipiga paji la uso.

— Jamani! Tumelisingizia benchi la watu!

— Kesi imefutwa, — Hakimu alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Fundi aliutazama ubao wake uliong'aa, kazi safi kuliko meza yoyote aliyowahi kuuza.

— Alinionyesha, — alisema. — Macho yangu yalikuwa kwenye msumeno. Nitachonga mwingine, mwalimu. Mbao zipo.

— Asante, baba. Watoto watausubiri.

Lakini mwalimu hakuondoka. Alikaa kwenye ncha ya benchi, akapokea kikombe kutoka kwa Redio, akakizungusha bila kunywa.

— Kuna jambo watoto wananisumbua nalo. Siku yake ya mwisho darasani aliwachorea kilima ubaoni. Wakamwuliza, gololi ikikaa juu kabisa, kwenye nusu yenyewe, iende wapi? Akasema tunaisukuma mbele. Wakamwuliza, kwa nini mbele, na huku na huku ni mbali sawa? Akacheka, akasema akirudi Jumatatu atawaambia. Mimi nimewapa jibu la kitabuni, kwamba watu walikubaliana hivyo tu. Wamelikataa. Wanataka lake. — Akamgeukia fundi. — Hakuwahi kukuambia?

Hakimu naye akamtazama fundi. Redio akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagika.

Fundi aliwaza. Alijua mkewe alilalia ubavu upi. Alijua goti lipi lilimuuma kwenye baridi, na wimbo aliouimba akichambua mchele, na sala aliyoisoma kabla ya kutoka. Alitafuta, akarudi, akatafuta tena kote kwenye kumbukumbu zake.

— Kila jioni nilimuuliza kama amekula, — alisema mwishowe. — Sikuwahi kumuuliza amefundisha nini.

— Basi niwaambie nini, baba?

— Waambie sababu alikuwa nayo, — fundi alisema. — Waambie wao angalau walimuuliza. Wamefanya vizuri.